Mwanga wa Masafa ya Juu Hauhesabiwi kwa Tani

Teknolojia yoyote mpya ikitajwa hapa Goma, swali la kwanza huwa moja: inatumia madini gani? Koltani ya Rubaya imetufundisha kwamba simu ya mtu wa Seoul au São Paulo ina kipande cha mlima wetu ndani yake, na tangu hapo kila habari ya sayansi tunaisoma tukiwa na mizani mkononi. Basi mtu akisikia kwamba wanafizikia wanatafuta kutengeneza mwanga wa leza wa masafa ya juu sana, yaani wenye mawimbi yanayotetemeka haraka mno, kwa msaada wa chembe ndogo mno za dhahabu, fedha au bati, hitimisho linakuja mbio: dhahabu tunayo, bati tunalo, mgodi wa Bisie kule Walikale peke yake hutoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia, kwa hiyo neema hii nayo lazima ipite kwetu.

Sikubaliani. Na sababu zangu hazitoki kwenye siasa ya Kivu, ambayo kila mtu hapa anaijua kwa gharama yake. Zinatoka ndani ya fizikia yenyewe. Katika kazi hii metali ni msaidizi, tena msaidizi anayetakiwa kwa kiasi kidogo sana, na udogo huo umewahi kuwaponza hata wataalamu waliobobea.

Tuanze na leza ndogo za kijani zinazouzwa sokoni Birere, hapa Goma, kwa dola chache. Nyingi kati yake hazizalishi kijani moja kwa moja. Ndani kuna fuwele inayotoa mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ambao jicho halioni. Mwanga huo unapita kwenye fuwele ya pili, na humo fotoni mbili, yaani punje mbili za mwanga, za infraredi zinaungana kuwa moja yenye masafa maradufu: nanomita 532, kijani. (Kwa wazazi: zile za bei ya chini mara nyingi hazina kichujio cha kuzuia infraredi iliyobaki. Inatoka pamoja na kijani, haionekani, na inaunguza jicho kwa ndani. Si kitu cha kumpa mtoto achezee.)

Jambo hilo lilionekana mara ya kwanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka mmoja tu baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza duniani. Peter Franken na wenzake walielekeza leza ya rubi, nanomita 694.3, kwenye fuwele ya kwatzi, na kwenye bamba la picha kikatokea kidoa mahali pa nanomita 347.2. Kilikuwa hafifu kiasi kwamba makala yao ilipotoka kwenye jarida la Physical Review Letters, mshale wa kukionyesha ulikuwepo lakini kidoa chenyewe hakikuwepo. Kiliondolewa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu. Ugunduzi ukachapishwa bila ushahidi wake! Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, ila mimi nakiweka hapa kwa sababu karibu nusu karne baadaye kilitokea kinyume chake.

Kuongeza masafa mara mbili au tatu, fuwele inatosha. Kufika mara 15, mara 21 au zaidi kunahitaji nguvu ya aina nyingine. Mwaka 1987 kundi la Chicago, na mwaka uliofuata kundi la Saclay nchini Ufaransa alikokuwa Anne L'Huillier, walipiga gesi kwa leza kali wakaona msururu wa masafa ya namba witiri ya masafa ya mwanzo. Huu msururu huitwa harmoniki. Maelezo yaliyokubalika zaidi yalitolewa mwaka 1993 na Paul Corkum wa Canada: uwanja wa umeme wa mwanga unaing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, unaipeleka mbali kidogo, kisha wimbi linapogeuka linairudisha kwa kasi hadi pale ilipotoka. Nishati yote iliyokusanywa njiani inatoka kwa mpigo mmoja, kama fotoni ya masafa ya juu. Kwa kazi iliyoota juu ya mzizi huo, L'Huillier, Pierre Agostini na Ferenc Krausz walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2023.

Tatizo ni ukali unaotakiwa. Ili kuing'oa elektroni namna hiyo unahitaji mwanga wa karibu wati trilioni 100 kwa sentimita 1 ya mraba. Hakuna lenzi inayokufikisha hapo peke yake. Lazima upitishe mipigo ya leza kwenye vikuza nguvu, kwa mbinu waliyoibuni Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, nayo ikawapa Nobeli yao mwaka 2018. Mashine hizo hujaza chumba, zinataka ubaridi na utulivu wa saa 24, na mara nyingi hutoa mipigo elfu chache tu kwa sekunde, wakati leza ya kawaida ya mipigo mifupi, ile isiyo na kikuza nguvu, hutoa makumi ya mamilioni. Ndiyo maana ahadi ya chembe za metali iliwavutia watu: ruka kikuza nguvu, acha metali ifanye kazi yake.

Metali inafanyaje? Dhahabu na fedha zina elektroni huru nyingi. Ukiikata dhahabu iwe kipande cha nanomita chache, mwanga wa masafa yanayolingana na umbo lake unazichezesha elektroni hizo zote kwa pamoja, na uwanja wa umeme unajikusanya kwenye ncha na kwenye nyufa. Ni kama wimbi la Ziwa Kivu linapoingia kwenye ufa mwembamba kati ya mawe ya lava: maji ni yaleyale, lakini kimo chake hapo si kile cha ziwani. Kadiri ncha inavyochongoka na ufa unavyokuwa mwembamba, ndivyo uwanja unavyopanda.

Mwaka 2008 kundi la Seung-Woo Kim katika chuo cha KAIST, Korea Kusini, lilitangaza kwenye jarida la Nature kwamba limefanikiwa. Walichora juu ya yakuti jozi za pembetatu ndogo za dhahabu zilizotazamana kwa ncha, wakapuliza gesi ya agoni juu yake, wakapiga kwa leza isiyo na kikuza nguvu. Mwanga ulioingia ulikuwa na ukali wa wati bilioni 100 hivi kwa sentimita ya mraba, mara elfu chini ya kinachotakiwa. Kwenye ufa kati ya ncha, walisema, ukali huo ulipanda zaidi ya mara mia. Na kwenye spektromita, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa wimbi, wakaripoti harmoniki hadi ya 17. Leza yao ilikuwa ya nanomita 800. Gawanya kwa 17, unapata 47. Huo ni urujuanimno wa mbali kabisa, mwanga unaomezwa na hewa hii tunayovuta kiasi kwamba kazi yote hufanyika ndani ya ombwe.

Habari ilizunguka dunia. Sijui kama kuna mtu wa fani hiyo ambaye hakutaka iwe kweli.

Hapa ndipo inafaa tukae kidogo, maana wengi wakisimulia kisa hiki hupita haraka. Dhahabu katika jaribio lile haitoi mwanga wa masafa ya juu. Inakoleza uwanja tu. Wanaotoa mwanga ni atomi za agoni zilizobahatika kuwa ndani ya ufa. Sasa piga hesabu ya ukubwa wa ufa. Kwa shinikizo la kawaida la hewa, katika mchemraba wenye nanomita 20 kila upande zinaingia atomi kama 200 tu za gesi. Mia mbili! Katika jaribio la kawaida la harmoniki, mwanga unapiga gesi katika eneo ambalo atomi zake huandikwa kwa tarakimu nyingi zilizofuatana.

Na si suala la uchache peke yake. Harmoniki za kweli hutoka kwa mpangilio: kila atomi inatoa wimbi lake likiwa limeenda sawa na la jirani, kwa hiyo mawimbi yanajumlishana na nguvu ya mwanga inakua kwa mraba wa idadi ya atomi. Ukipunguza atomi kwa nusu, mwanga unabaki robo. Lakini kuna mwanga mwingine unaotokea palepale. Atomi iliyosisimuliwa kwa nguvu inaweza kutulia kwa kutoa mng'ao wake wa kawaida, kila moja kwa wakati wake na upande wowote, kama gesi ndani ya taa ya neoni. Mng'ao huo unakua kwa idadi tu. Punguza atomi kwa nusu, unabaki nusu. Kwa hiyo kadiri chumba kinavyokuwa kidogo, ndivyo harmoniki zinavyozidiwa na mng'ao wa kawaida. Udogo uleule unaoipa dhahabu uwezo wa kukoleza uwanja ndio unaomnyima mtafiti kile alichokifuata.

Mwaka 2012 Murat Sivis, Claus Ropers na wenzao wa Göttingen, Ujerumani, waliandika kwenye jarida lilelile kwamba wamerudia jaribio kwa maumbo ya dhahabu ya aina hiyo na walichokiona ni mng'ao wa atomi na ayoni (atomi zilizopoteza elektroni) za gesi. Mistari kwenye spektromita ilikaa mahali ambapo vitabu vya atomi vinasema itakaa. Wakorea walijibu, wakitetea vipimo vyao. Mwaka uliofuata kundi la Göttingen lilichapisha kazi ndefu zaidi, na tangu hapo wengi katika fani, nikiwasoma sawasawa, wamesimama upande wao kuhusu gesi. Nami niko huko, kwa sababu ya ile hesabu ya mraba kuliko kwa sababu ya nani alisema nini.

Kuna kipimo cha kutofautisha vitu hivi viwili ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukielewa. Badili kidogo urefu wa wimbi wa leza. Harmoniki ya 17 ni mtoto wa leza: mama akihama, naye anahama. Mstari wa atomi hauna habari na leza. Agoni itang'aa palepale hata ukiisisimua kwa umeme. Kipimo cha pili ni mwelekeo: harmoniki hutoka kama mwali, mng'ao husambaa kila upande. Kidoa cha mwaka 1961 kilikuwa cha kweli kikafutwa kama uchafu; mistari ya mwaka 2008 ilichapishwa kama harmoniki, na wengi leo wanaisoma kama mng'ao. Mwanga hafifu husomwa vibaya pande zote mbili, na anayeokoa jahazi ni yule anayejua kuusoma.

Wazo lenyewe halikufa. Lilihama kutoka kwenye gesi kwenda kwenye vitu vigumu, na hapo mantiki yake imenyooka, kwa kuwa ndani ya kitu kigumu atomi zimebanana takriban mara elfu kuliko kwenye gesi, hivyo ufa mdogo haukosi watu wa kufanya kazi. Mwaka 2011 tayari ilikuwa imeonyeshwa kwamba fuwele ya oksidi ya zinki hutoa harmoniki za juu. Mwaka 2016 Wakorea walirudi na maumbo ya metali na yakuti, na safari hii yakuti yenyewe ndiyo iliyotoa mwanga. Mwaka 2017 kundi la Ottawa, la Corkum yuleyule, likaweka antena ndogo za dhahabu juu ya silikoni na kuonyesha kwamba harmoniki za silikoni zinaongezeka. Joto bado ni adui: ncha za dhahabu zikipigwa sana hulainika, hujiviringa, na ncha iliyojiviringa haikolezi tena chochote.

Njia nyingine haitumii metali kama msaidizi hata kidogo, inaichoma. Mwanafizikia wa Uzbekistan, Rashid Ganeev, pamoja na wenzake wa Japani na Canada, walipiga metali kwa mpigo wa kwanza ili iinuke kama wingu la plazima, yaani gesi ya moto ambayo elektroni zake zimeng'oka, kisha wakapitisha mpigo wa pili ndani ya wingu. Kwa nanochembe za fedha, harmoniki za ngazi za chini zilitoka na nguvu kuliko zile za bamba la fedha la kawaida. Na mwaka 2006, kwa wingu la bati, harmoniki moja tu, ya 17, iliruka juu ya jirani zake, karibu na nanomita 47. Bati lile halikuwa nanochembe, lakini msomaji wa Goma ataona kwa nini nimelitaja.

Haya, turudi kwenye mizani.

Chukua gramu 1 ya dhahabu. Ukiitandaza kwa unene wa nanomita 50, ambao ni unene wa kawaida katika kazi hizi, inafunika karibu mita 1 ya mraba. Sampuli moja ya maabara haina hata sentimita ya mraba, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo huondolewa ili yabaki maumbo tu. Dhahabu anayoibeba mchimbaji mmoja mfukoni kwenda kwa mnunuzi ingetosha maabara zote za fani hii kwa muda ambao mimi na wewe hatutauona mwisho wake.

Bati nalo? Mashine zinazochora chipu za kisasa, zile za kampuni ya ASML ya Uholanzi, hutumia mwanga wa nanomita 13.5. Huo si mwanga wa leza, ni mng'ao wa plazima: matone ya bati yenye upana wa takriban nanomita 30,000 hudondoshwa mara 50,000 kwa sekunde na kupigwa na leza moja baada ya jingine. Inasikika kama ulafi wa bati. Piga hesabu kwa kalamu: bati linalopita humo kwa siku nzima halifiki nusu kilo. Mfuko mmoja wa kilo 50 za kasiterite, yaani mawe ya bati, yenye asilimia 60 ya bati ungeilisha mashine hiyo kwa zaidi ya miezi miwili, na mashine yenyewe inauzwa kwa zaidi ya dola milioni 100. Mchimbaji aliyeubeba mfuko huo mgongoni kutoka msituni anajua alilipwa nini.

Machi 2025, mapigano yaliposogea Walikale na Bisie ikasimama kwa wiki kadhaa, bei ya bati ilipanda London. Kwa hiyo uzito wetu kwenye soko si wa kubeza. Lakini karibu nusu ya bati la dunia huenda kwenye kulehemu vifaa vya elektroniki, na hapo ndipo tani zinahesabiwa. Soko la mwanga haliujui mfuko wako. Anayetumaini kwamba nanochembe zitaipandisha thamani ya mlima wake atasubiri sana, maana kila hatua ya sayansi hii inalenga kutumia metali kidogo zaidi kwa umbo sahihi zaidi.

Mtu atajibu: basi tutengeneze nanochembe wenyewe, tuziuze zikiwa tayari. Kuzitengeneza si muujiza. Tangu mwaka 1951 inajulikana njia ya John Turkevich: unachemsha chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa kwenye maji, unaongeza sitrati ya sodiamu, na maji yanageuka mekundu, chembe zina nanomita kama 20. Maabara ya kemia yenye jiko, vyombo safi na maji yaliyotoneshwa inaweza. Kwa sababu hiyohiyo, dunia nzima inaweza, na bei yake inajua hivyo. Kukata pembetatu zenye ncha kali kwa mwali wa ayoni ni habari nyingine, na ombwe linalotaka pampu isizimike usiku ni habari nyingine tena kwa mji ambao umeme wake hutegemea kama kuna vita kati ya mtambo na nyaya.

Kilichopo Goma, ambacho kwenye mazungumzo ya madini hakitajwi, ni mazoea ya kusoma mwanga. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, Nyiragongo ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa duniani vya gesi ya dioksidi ya salfa, na Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, OVG, kiliingia katika mtandao wa kimataifa unaopima gesi hiyo kwa spektromita. Kifaa kinatazama urujuanimno wa jua uliopita katikati ya moshi. Gesi hiyo humeza sehemu fulani karibu na nanomita 310, na kutokana na mapengo hayo mtaalamu anakadiria ni tani ngapi zimetoka kwa siku. Kazi ngumu humo ni kujua kama pengo ulilonalo ni la salfa, la ozoni, la wingu, au la kifaa chenyewe kilichopata joto.

Ni kazi ileile iliyowatenganisha watu wa KAIST na wa Göttingen. Kijana aliyefundishwa kwenye mteremko wa Nyiragongo kutenganisha mstari wa kweli na mstari wa kudhaniwa anaweza kukaa mbele ya spektra ya agoni ya mwaka 2008 na kuuliza maswali yanayostahili: je, mistari ilihama leza ilipohamishwa, na ilikua kwa idadi au kwa mraba? Kwa mji unaotafuta mahali pake katika sayansi ya mwanga, ningeweka fedha za kwanza kwenye spektromita za vyuo vyetu na kwenye mishahara ya watu wa kuzisoma, kabla ya kiwanda chochote cha kusafisha dhahabu. Kati ya kazi ya OVG na ile ya Göttingen, kinachobadilika ni urefu wa wimbi, pampu ya ombwe, na bei ya leza.